Mpini Mkononi: Historia ya Urefu wa Zana katika Nyanda za Juu Kusini

Ukitoka Iringa mjini ukashika barabara ya Mbeya, hujaenda mbali utafika Isimila, korongo ambamo maji yamekula udongo hadi nguzo ndefu zikabaki zimesimama kama minara. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa mambo ya kale wamekuwa wakiokota humo mashoka ya mawe yanayokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mengine ni madogo ya kutosha kiganja, mengine ni mazito kiasi kwamba mtu hujiuliza yalinyanyuliwaje. Yote yamechongwa kwa ustadi, na yote yana upungufu mmoja: hayana mpini. Aliyeyatumia alishika jiwe lenyewe. Urefu wa zana yake ulikuwa urefu wa mkono wake, na kishindo cha kila pigo kilimrudia mwilini. Kati ya jiwe lile na jembe linalolima leo pembeni mwa korongo hilohilo, watu waliingiza kipande cha mti kati ya makali na mkono, na vitabu vya historia hukipita kipande hicho haraka. Hoja ya makala hii ni kwamba katika Nyanda za Juu Kusini urefu wa mpini na namna ya kuushika vimeamua mambo makubwa, vitani na shambani, na kwamba mtu mwenye uwezo wa kuurekebisha mpini wake ndiye aliyekuwa na amri juu ya kazi yake.

Kiswahili kimelijua jambo hili siku nyingi. Tunaposema fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali, tunaeleza nani anaamuru na nani ataumia. Maana hiyo ina msingi katika kanuni za mwendo. Mpini ukirefushwa, kichwa cha zana husafiri kwa kasi zaidi na pigo huwa zito, lakini kosa dogo la kifundo cha mkono nalo hukua, na makali huangukia mahali pasipokusudiwa. Mpini ukifupishwa, pigo hupungua nguvu lakini hutua pale jicho lilipoagiza. Hakuna shughuli inayoionyesha kanuni hii waziwazi kama mchezo wa gofu. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14, na hazilingani urefu: ya kupiga mpira wa mbali hukaribia inchi 45, na zile za karibu na shimo ni fupi kwa takriban inchi 10. Anayetaka usahihi hushusha mikono kidogo kwenye mshiko, yaani huifupisha fimbo bila kuikata. Kanuni za mchezo zimeweka kikomo cha inchi 48, na tangu mwaka 2022 mashindano makubwa yanaweza kukishusha hadi 46. Wenye kutunga sheria hizo walielewa kwamba anayepima mpini anapima uwezo wa mtu. Watu wa Uhehe, Usangu na Unyakyusa walijua hivyo pia, ingawa wao vipimo vyao havikuandikwa.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi kwetu unatoka vitani, katika karne ya 19. Mnamo Novemba 1835 Wangoni wa Zwangendaba walivuka Mto Zambezi wakielekea kaskazini, wakitoka katika misukosuko iliyoikumba Afrika Kusini enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu. Walifika Ufipa, na Zwangendaba alipofariki huko katika miaka ya 1840 makundi yao yalitawanyika, mengine yakatua Songea. Walikuja na ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe, vikosi vilivyopangwa kwa rika, na mkuki wa mpini mfupi wenye bapa pana. Simulizi maarufu inasema Shaka ndiye aliyeubuni kwa kufupisha mkuki wa kurusha. Wanahistoria huipokea kwa tahadhari, kwa kuwa mikuki ya kuchoma ilikuwapo kusini mwa Afrika kabla yake. Lililo na uzito zaidi ni kwamba aliufanya kuwa silaha kuu ya jeshi na akajenga mafunzo yote juu yake. Tofauti ya mikuki hiyo miwili iko kwenye mti kuliko kwenye chuma. Mkuki wa kurusha hufika mbali, lakini ukishatoka mkononi umeondoka, na adui akiuokota umempa silaha ya kukurudishia. Mkuki mfupi humlazimisha mpiganaji kumkaribia adui hadi aone uso wake, ila unabaki mkononi kutoka pigo la kwanza hadi la mwisho. Kuufupisha mpini kulimaanisha kubadili mpangilio wa jeshi, aina ya ngao, hata malezi ya vijana, kwani hakuna anayeukaribia mkuki wa adui bila kujua kwamba wa kulia na wa kushoto wake wamesimama.

Wasangu wa Merere, waliotawala tambarare ya Usangu, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuchukua mbinu hizo za Kingoni. Wahehe, waliounganishwa chini ya Munyigumba, walijifunza kwa Wasangu na kwa Wangoni wenyewe, ambao walipambana nao vikali kati ya 1878 na 1882. Nguvu zilipohamia Iringa, Merere alilazimika kuiacha nchi yake na kujenga ngome Usafwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Lakini yafaa tuangalie Wahehe walijifunza nini hasa. Hawakuutupa mkuki wa kurusha. Maelezo ya Wajerumani waliokaa Uhehe mwanzoni mwa ukoloni, akiwamo Ernst Nigmann aliyechapisha kitabu juu ya Wahehe mwaka 1908, yanamwonyesha mpiganaji mwenye ngao, mikuki kadhaa myepesi ya kurusha, na mmoja mzito wa kuchoma. Huyo ni mtu aliyebeba urefu zaidi ya mmoja, akajua upi ni wa wakati gani. Anayesema kwamba Wahehe waliiga tu silaha ya Wangoni anaikosa sehemu yenye akili zaidi ya historia hii: walipokea mpini mfupi, wakaupanga pamoja na waliokuwa nao, na kila mkuki ukapewa umbali wake.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, mashariki ya Iringa, umbali huo ndio ulioamua. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliongoza msafara mrefu wa askari, wapagazi na punda uliopita kwa mstari katika nchi ya vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamejificha kando ya njia. Ishara ilipotolewa waliwafikia askari kabla wengi hawajapata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili, na baada ya muda mfupi Zelewski mwenyewe, Wazungu wengine tisa na mamia ya askari na wapagazi walikuwa wameuawa. Bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu vilibaki mikononi mwa watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Bunduki hupata thamani yake kutokana na nafasi iliyopo kati ya anayefyatua na anayelengwa. Nafasi hiyo ikifutwa, bunduki inakuwa gongo refu lisilogeuka kwa urahisi katika msongamano, na mkuki wa mpini mfupi ndio unaobaki na uhuru wa kutembea. Wahehe walilipa gharama kubwa siku ile, kwani nao walipoteza mamia ya watu. Hata hivyo walipigana kwa urefu waliouchagua wao.

Hapa linakuja pingamizi zito. Mtu atasema kwamba kilichoshinda Lugalo ni shambulio la kuvizia, na kwamba mpini hauna sifa yoyote katika jambo hilo. Ataongeza kwamba tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Wahehe ya Kalenga ilianguka mbele ya mizinga, na mikuki ya kila urefu haikuizuia. Ukweli huo haukataliki, na makala hii haidai kwamba mti ulishinda baruti. Lakini tuvisome visa hivyo viwili pamoja. Kuvizia kwenyewe ni mbinu ya kuchagua umbali, na haina faida kwa jeshi ambalo zana zake haziwezi kufanya kazi katika umbali huo. Waviziaji wenye mikuki ya kurusha peke yake wangeimaliza kwa mkupuo mmoja, kisha wangesimama mikono mitupu mbele ya bunduki. Kalenga ilikuwa kinyume chake. Wahehe walikaa nyuma ya kuta, na aliyeamua nafasi kati ya pande mbili alikuwa mwenye mizinga. Walipotoka ngomeni na kurudi msituni, vita viliendelea karibu miaka minne mingine, hadi Mkwawa alipojiua Julai 1898. Vita vile vinatufundisha kwamba mpini ni uamuzi juu ya umbali, na kwamba mwenye kunyang'anywa uamuzi huo hushindwa hata akiwa na silaha nzuri.

Vita huisha, kulima hakuishi, na kwa watu wengi wa nyanda hizi zana yenye historia ndefu zaidi mkononi ni jembe. Kabla ya chuma cha viwandani kuenea, bapa la jembe lilifuliwa na wahunzi wa huku: Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na Wakinga wa Milima ya Livingstone walifua majembe yaliyouzwa hadi kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Jembe hilo lilikuwa na msuka, ncha nyembamba iliyopenya kwenye kichwa kinene cha mpini kupitia tundu lililochomwa kwa chuma cha moto. Majembe ya kiwandani, yaliyozidi kuingia tangu enzi ya Wajerumani, yalileta muundo mwingine: tundu likahamia kwenye chuma, na mpini ndio ukapenya. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini liligeuza uhusiano wa mti na chuma. Katika jembe la msuka, mti mzima ulichaguliwa porini kwa ajili ya bapa moja, kichwa chake na pembe yake vikaamua jembe litaingiaje ardhini. Katika jembe la tundu, pembe imekwisha kuamuliwa na mtengenezaji aliye mbali, ambaye hajaiona ardhi ya Uhehe wala mteremko wa Rungwe. Kilichobaki chini ya amri ya mkulima ni urefu wa mpini, unene wake, na mahali pa kuweka mikono.

Kilichobaki hakikuwa kidogo. Nchi yenyewe ilidai tofauti. Katika miteremko mikali ya Rungwe, mtu anayelima akiuelekea mlima anakuta udongo umemkaribia kifuani, na mpini mrefu hukosa nafasi ya kushuka. Katika vinyungu vya Iringa, yale matuta ya mabondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi, kazi ya kupalilia katikati ya mboga inataka makali yapite karibu na shina bila kuligusa, na hilo hutaka mkono ulio karibu na bapa. Kuvunja ardhi mpya kwenye tambarare hutaka kinyume chake: nguvu ya pigo kwanza, usahihi baadaye. Mkulima mwenye jembe moja huzipata kazi hizo zote kwa kusogeza mikono tu, akiishusha karibu na chuma anapopalilia na kuipandisha anapovunja ardhi, kama mchezaji wa gofu anavyoshusha mshiko wake. Unene nao una kanuni yake. Mpini mnene kupita kiganja hauzunguki vizuri mkononi, na mwembamba mno hulazimisha vidole kukaza hadi vichoke. Ndiyo maana mpini hukwanguliwa na kulainishwa hadi ulingane na mkono wa mwenyewe, na jembe la kuazima huchosha kuliko jembe lako hata chuma kikiwa kilekile.

Lipo pingamizi la pili, la mwanahistoria: mti huoza. Chuma cha karne zilizopita hukutwa ardhini, mpini haukutwi, na historia isiyo na mabaki ni dhana. Jibu ni kwamba mpini huacha alama zake mahali pengine. Urefu wa msuka na upana wa tundu hutueleza mti wa unene gani uliingizwa humo. Mikuki iliyohifadhiwa, mingine katika makumbusho ya Kalenga, bado ina mipini ya kupimwa. Na sheria za nchi nyingine zimeandika yale ambayo miili ilijua. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi sana, lililowainamisha kutwa nzima. Wenye mashamba walidai kwamba jembe hilo ndilo lenye usahihi wa kupalilia na kupunguza miche. Vibarua walijibu kwamba migongo yao inaharibika, na kwamba mpini ule ulimrahisishia msimamizi kuona nani amesimama kupumzika. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwa upande wa vibarua, na jembe lile likapigwa marufuku. Kesi hiyo inaithibitisha hoja yetu kwa upande wake mchungu: usahihi wa mpini mfupi ni wa kweli, lakini unapoamriwa na asiyeinama unageuka kuwa mateso.

Kesi hiyo inatuzuia pia tusiusifu mpini mfupi kama urithi usioguswa. Mwaka 1998 utafiti wa IFAD na FAO kuhusu zana za wanawake wakulima katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Uganda na Zambia, ulieleza kwamba katika baadhi ya maeneo mwanamke anayelima kwa mpini mrefu, akiwa amesimama wima, huonekana mvivu. Mila kama hiyo humpa mtu asiyelima haki ya kupima mpini wa anayelima, sawa na msimamizi wa California. Wengine watasema hiyo ndiyo desturi ya Mwafrika na mwanamke ameumbiwa kuinama. Historia ya nyanda hizi hailiungi mkono dai hilo. Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alikuta kwamba kazi nzito ya kulima kwa jembe ilikuwa ya wanaume na vijana wao. Jembe halikuwa na jinsia ya kudumu. Lilikuwa na mtu aliyelishika, na mtu huyo alibadilika kutoka bonde hadi bonde.

Methali nayo ina neno lake: mchagua jembe si mkulima. Inaonekana kuipinga makala hii yote, kwani inamtaka mtu alime na alichonacho. Lakini methali inamkemea anayekimbia kazi kwa kisingizio cha zana, na inazungumzia jembe, yaani chuma kilicholetwa na bahati au soko. Haikumkataza mkulima kukata mpini uliomzidi kimo. Tofauti hiyo ilionekana wazi baada ya Uhuru. Mwaka 1972 TANU ilitoa kutoka Iringa tamko la Siasa ni Kilimo, lililohimiza kilimo bora na kuvuka kutoka jembe la mkono kwenda plau. Wakati huohuo taifa lilihitaji majembe: kiwanda cha Ubungo jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza zana za kilimo, na baadaye Mbeya ikapata kiwanda chake cha Zana za Kilimo. Mwaka 2009 Kilimo Kwanza ikaahidi matrekta na pawatila. Katika mipango hiyo yote chuma kilihesabiwa, kikawekewa malengo, kikaandikwa katika taarifa. Mpini uliachiwa mkulima na fundi wa kijijini, na mpaka leo sokoni jembe huuzwa peke yake na mpini peke yake. Wapo wanaoona hapo upungufu wa viwanda vyetu. Mimi naona hapo sehemu ya mwisho ya zana ambayo haikuamuliwa na mtu wa mbali, na naamini mpango wowote wa kuboresha kilimo unapaswa kuilinda. Pawatila nayo ina mishikio, na mishikio iliyowekwa kwa kimo cha mtu wa nchi nyingine itamchosha mkulima wa Mbarali kama jembe la kuazima.

Jina la Lugalo leo liko pia Dar es Salaam. Kambi ya jeshi iliyoitwa Colito wakati wa ukoloni ilipewa jina la uwanja ule wa vita, na humo Jeshi la Wananchi lina uwanja wa gofu unaoitwa vilevile Lugalo. Mchezaji anayesimama pale, akashusha mikono kwenye mshiko ili mpira usimpotee, anafanya hesabu ileile waliyoifanya vijana waliojificha vichakani mwaka 1891: nguvu kiasi gani, umbali upi, na mkono ukae wapi. Ngao ya taifa letu ina mkuki, na shoka na jembe vilivyopishana, na vyote vitatu vimechorwa pamoja na mipini yao. Mchoraji alijua kwamba bila mti huo vingekuwa mawe ya Isimila. Ingefaa wanaoandika historia ya Iringa na Mbeya wafuate mfano wake: wanapopima bapa la mkuki Kalenga, wapime na mti uliolishika, na wanapohesabu majembe ya wilaya, wawaulize wanaoyatumia wamekata mipini yao kwa urefu gani, na kwa sababu ipi.